Kuni za Majiko Mawili

Drammen, 18 Aprili 1979

Kwa mdogo wangu Torleiv,

Pokea salamu za dada yako na za goti lake la kushoto, ambalo siku hizi nalo lina maoni yake. Zaidi ya hilo goti mimi ni mzima. Karakana inakwenda: mafundi kumi na mmoja, madirisha arobaini kwa wiki, na tangu Krismasi hakuna aliyekatika kidole. Wewe je? Kikohozi kimeacha? Unakula, au bado ni mkate na kahawa ukiwa umesimama?

Nimerudi juzi kutoka kibandani mlimani. Theluji ya Pasaka ilikuwa nzuri, machungwa nilikula sita peke yangu. Sasa nina swali, na nataka ulijibu kama mtoto wa nyumbani, si kama mtu wa Wizara ya Mambo ya Nje.

Nimesoma kitabu cha kibanda. Umeandika: "9–11 Februari. Digrii kumi na nne chini ya sifuri. Nta ya buluu kwenye mbao za skii. Mtu mmoja. Kuni vipande 41." Torleiv, jiko la chini hula vipande kumi na viwili kwa siku. Limekula hivyo tangu Baba alijenge. Siku mbili, ishirini na vinne. Ukiwasha na lile la chumba cha juu, saba kwa siku, unafika thelathini na nane. Vitatu nakusamehe kwa ajili ya baridi. Lakini mtu mmoja halali juu na chini kwa wakati mmoja. Tena nimekuta vikombe viwili vimepinduliwa rafuni, na wewe tangu utoto hujawahi kupindua kikombe.

Ni nani huyo? Una miaka arobaini na minne, hujaoa, sitamng'ata. Ungemficha vizuri kabisa kama usingeandika kuni. Lakini uliandika, maana Baba alitukaririsha: asiyeandika kuni alizochoma anamwachia mwenzake baridi. Nimecheka peke yangu mpaka goti likauma.

Dada yako,
Ragnfrid


Oslo, 2 Mei 1979

Dada yangu mpendwa Ragnfrid,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mpe pole goti. Kikohozi kimepungua, kazi haijapungua.

Umenishika. Yupo mtu. Nakuomba usiniulize jina. Mambo bado machanga, na ana kazi ambayo hairuhusu kuonekana na kila mtu. Tunapenda kwenda kule kwa sababu kule hakuna anayeuliza chochote, isipokuwa wewe na vipande vyako vya kuni. Ufunguo uache palepale, chini ya ndoo.

Kuhesabu kwako kungekupeleka mbali, dada, kama ungesoma.

Mdogo wako,
Torleiv


Drammen, 9 Desemba 1979

Torleiv mdogo wangu,

Habari za siku nyingi? Huku mishumaa miwili ya Majilio imeshawashwa na mimi ni mzima. Nakutakia nawe afya.

Ningesoma, kama Mama asingekufa nikiwa na miaka kumi na mitano na wewe saba. Nilitoka shule nikupikie uji. Sikulaumu, nakukumbusha tu, kwa kuwa umeanza wewe.

Ndani ya kifurushi kuna glavu za sufu za mgeni wako. Nimefuma nyota ya Mama, ile ya ncha saba. Najua nyota ya watu wengine ina ncha nane. Mama alikosea kuhesabu, nasi tukaendelea na kosa lake, kwa hiyo hakuna mkono mwingine Norwei nzima wenye nyota hiyo isipokuwa yetu. Sasa na wake. Mwambie huko ndiko kukaribishwa kwetu.

Dada yako,
Ragnfrid


Oslo, 20 Januari 1980

Dada mpendwa,

Salamu, na asante. Glavu zimepokelewa kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Zinabana kidogo. Ana mikono mikubwa, alikulia shambani.

Mimi ni mzima ila silali vizuri. Ofisini kuna matatizo: karatasi za siri zimejulikana upande usiopasa, na Jumatatu iliyopita mpiga taipu wangu, Oddveig Rustad, aliambiwa asirudi. Daftari la kutolea karatasi za siri lina saini yake kila Ijumaa karatasi zilipotoka. Hajashtakiwa, lakini hata barabarani watu wanamkwepa. Ni mwanamke makini sana. Hali ni ya kusikitisha.

Mdogo wako,
Torleiv


Drammen, 14 Aprili 1980

Torleiv,

Salamu za Pasaka, ingawa umenikimbia tena. Mimi ni mzima.

Nilizikuta zile glavu kwenye msumari, mshono wa dole gumba umepasuka pande zote mbili. Nimeupima mpasuko kwa rula. Halafu karibu na beseni palikuwa na wembe, na si wa aina yako. Nimekaa nao mkononi muda wa kuchemka kahawa.

Nimefuma jozi nyingine, kubwa, na nimeitundika palepale. Sikuulizi kitu. Mkono ni mkono, na baridi haichagui. Nataka ujue tu kwamba meza yangu haina macho ya majirani. Siku mtakayotaka kuja kula samaki, njooni wawili.

Na yule mpiga taipu, umemtetea?

Dada yako anayekupenda,
Ragnfrid


Oslo, 3 Mei 1980

Dada,

Wewe ni mwema kuliko ninavyostahili. Nimesoma barua yako mara nyingi.

Kuhusu Oddveig Rustad: si nafasi yangu kuingilia.

Mdogo wako,
Torleiv


Drammen, 27 Oktoba 1981

Torleiv mdogo wangu,

U mzima? Sauti yako kwenye simu ilikuwa kama ya mtu mwenye homa. Samahani sikuweza kuja kibandani Ijumaa. Nina madirisha mia mbili na kumi ya shule mpya, kioo kimechelewa wiki tatu, mafundi wawili wanaumwa, na wewe unapiga simu Alhamisi kuniambia njoo kesho, kuna jambo.

Jambo gani? Liandike. Barua haichoki kusubiri kama mimi.

Dada yako,
Ragnfrid


Drammen, 16 Novemba 1982

Torleiv,

Walipokukamata mwezi Septemba waliniambia hakuna barua kwako kwa wiki nane. Nimehesabu, zimepita. Hii anakuletea wakili wako katikati ya karatasi zake, sijamwambia kilichomo. Natumaini wanakupa blanketi la pili. Mimi sijui kama ni mzima. Nafanya kazi.

Walikuja wanaume wawili wa usalama, wapole, wakavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wakaweka picha mezani. Ziwa letu, Machi mwaka huu. Wewe umeshika fimbo za skii, na kando yako mwanaume mnene anainua mkono kujikinga jua.

"Unamfahamu huyu, mama?"

"Hapana."

"Ni mtu wa ubalozi wa Sovieti. Kazi yake si pasipoti."

Sikumtazama usoni. Nilitazama mkono. Nyota ya ncha saba, Torleiv. Wakaniuliza mbona nimekaa chini. Nikasema goti.

Gazeti linasema umekiri kukutana naye mara hiyo moja tu, na kwamba karatasi za 1979 huzijui. Kwa hiyo zile bado ni za Oddveig Rustad. Lakini mimi nina kitabu cha kibanda. Nilikichukua Agosti kukitia jalada jipya, ndiyo maana walipopekua kibanda hawakukiona. Hakuna anayejua kipo, ila mimi na wewe. Nimekaa nacho na penseli. Tangu Februari 1979 majiko mawili yamewaka mara kumi na mbili, kila mara kuanzia Ijumaa, kila mara "mtu mmoja", na kila mara kuni zimeandikwa kwa ukamilifu hadi kijiti. Mtu anauza siri za nchi yake halafu anahakikisha dada yake hatakosa kuni. Sijui kama nilie au nikupige.

Sema mwenyewe. Waambie ni wewe, umtoe yule mwanamke. Nakupa mpaka Jumapili ya pili ya Majilio. Ni siku kumi na tisa.

Dada yako bado,
Ragnfrid


Oslo, mahabusu, 24 Novemba 1982

Dada yangu,

Nakusalimu kwa aibu. Blanketi la pili wamenipa. Hii nayo inatoka katikati ya karatasi za wakili, kama yako ilivyoingia.

Mambo yalianza Moscow, nilipokuwa katibu wa pili ubalozini. Waliniomba orodha ya simu, kitu kilichokuwa juu ya kila meza. Nilijiambia hakina uzito. Baba alikuwa akitusimulia jinsi Warusi walivyoikomboa Finnmark, kule kaskazini kwetu, kutoka kwa Wajerumani, nami nikajiona nalipa fadhila na kusaidia amani, kijana mwenye akili kuliko wakubwa wake. Orodha ya simu waliiomba. Kilichofuata hawakukiomba tena, walikidai.

Kwa mara hiyo moja ya Machi, wakili anasema miaka mitano. Kwa mara kumi na mbili, miaka kumi na minne au zaidi. Nitatoka nikiwa mzee, na wewe huenda usiwepo. Oddveig hakushtakiwa, dada. Hayuko gerezani. Yuko Hamar, ana nyumba ya mama yake. Mimi nikisema, yeye atapata nini? Hakuna atakayemrudishia kazi.

Jiko la chini linavuta vizuri upepo ukitoka kaskazini. Kile ni kitabu tu, na karatasi huwaka upesi. Nakuomba, na sijawahi kukuomba kitu.

Mdogo wako wa pekee,
Torleiv


Drammen, 13 Desemba 1982

Torleiv,

Umewahi kuniomba. Uji, skii, shule. Nimehesabu hayo pia.

Jumapili yako ilipita. Jumamosi nilipanda treni kwenda Hamar, na kitabu ndani ya mkoba. Sikuwa nimeamua, nasema kweli. Nilitaka kwanza nimwone huyo ambaye hatapata kitu.

Alifungua mlango akiwa na aproni. "Wewe ni wa gazeti?"

"Mimi ni wa madirisha," nikasema. "Ni dada yake Torleiv."

Nilidhani atanifungia. Akatazama miguu yangu. "Vua viatu basi, nimepiga deki."

Mezani palikuwa na keki za Krismasi, aina zote saba, kila moja kwenye sahani yake, kama kwa mwanamke yeyote anayejiheshimu. Nikauliza anangoja wageni gani. Akasema, "Kila mwaka nawangoja. Mwaka jana keki zote walikula ndege. Wamenenepa mpaka wanatembea."

Akanimiminia kahawa. Akasema ulikuwa bosi mzuri. "Kila Ijumaa aliniambia, Oddveig, nisainie wewe, mikono yangu imejaa. Na kweli ilikuwa imejaa, alikuwa ameshika skii."

"Na siku ile walipokufukuza, alikuambia nini?"

"Hakusema. Alinishikia koti nivae." Akatazama dirishani. "Jirani hapo ng'ambo huwa ananipungia mkono mumewe akiwa kazini. Mume akiwepo, hanioni. Ni mwanamke mwema, ana ratiba tu."

Nilihesabu nikiwa nimekaa palepale: tangu Januari ile mpaka Jumamosi hiyo, siku elfu moja na sitini na mbili. Nikala aina zote saba. Aliniangalia nikila kama mtu anayeangalia moto ukishika.

Kisha nikamweleza langu, na sasa nakueleza wewe. Pasaka ya 1980, nikiwa na ule wembe mkononi, nilijua mgeni wako ni mwanaume. Nilidhani ni mtu wa moyo wako. Nilidhani wizarani wangekutafuna wakijua, na kwamba ndiyo sababu ya miaka yako yote ya upweke, nami nikaona haya kwamba sikuwahi kukisia. Nikamfumia glavu. Nikajisifu kwa kimya changu, Torleiv. Hakuna kitu nilichowahi kujivunia hivyo, hata karakana. Nawe uliisoma barua ile ukajua nilichodhani, ukaniacha nidhani. Ukajificha nyuma ya upendo wangu kama nyuma ya ghala la kuni.

Lakini swali moja lilikuwa langu kuuliza, nami sikuuliza. Ningeuliza tu "anaitwa nani", huenda huyu mwanamke angekuwa na wageni.

Kutoka Hamar nilishuka Oslo nikakitia kitabu mkononi mwa yule mpole mmojawapo. Nikamwonyesha jinsi ya kusoma kuni. Ilimchukua muda, ni mtu wa mjini, kwao joto hutoka ukutani.

Ragnfrid


Drammen, 2 Aprili 1985

Torleiv,

Tangu hukumu hujaandika, nami sijaandika. Natumaini kikohozi hakijarudi. Nasikia mnafanya kazi kwenye karakana ya mbao huko. Angalia vidole. Mimi ni mzima, goti wamelifungua na kulifunga.

Mahakama imerudisha kitabu. Kina muhuri wa namba kwenye kila ukurasa, hata ule ulipochora mbweha ukiwa na miaka tisa. Kesho naenda nacho kibandani kwa Pasaka, na Oddveig anakuja. Hii ni mara yake ya tatu. Haandiki sana: hali ya hewa, kuni, "tulikuwa wawili". Mara ya kwanza alipoandika hivyo kwenye karatasi ya pembeni, kitabu kikiwa bado mahakamani, alinitazama kama anaomba ruhusa.

Wizara ilimwandikia barua ya kumwomba radhi, mistari minne. Ameitia fremu akaitundika chooni.

Kuna jambo nataka. Si la mahakama, ni la Baba. Katika kitabu kuna uongo mara kumi na mbili, maneno mawili kila mara: "mtu mmoja". Sitaki ubaki. Niandikie zote upya, tarehe, nani alikuja, ulimpa nini. Nitazibandika juu ya zile za zamani. Miaka kumi na minne ni mingi, una nafasi.

Ragnfrid


Gerezani, 5 Mei 1985

Kwa dada yangu Ragnfrid,

Nakusalimu, nawe umsalimu Oddveig ikiwa anaruhusu. Mimi ni mzima. Vidole vyote kumi vipo. Wamenipa kazi ya kutengeneza fremu za madirisha, na fundi anasema pembe zangu hazikai sawa. Nikamwambia dada yangu angezitupa.

Nimeziandika zote. Kumi na moja ziko kwenye karatasi zilizomo humu, kila moja na jina la mgeni na nilichompa. Karatasi alizopiga taipu Oddveig nimeziwekea alama. Zilikuwa tano. Mara ya nne kati ya hizo nilijua tayari kwamba atalaumiwa yeye, na bado nikamwambia anisainie. Hilo sikulisema mahakamani, hawakuniuliza. Mwambie, au mpe asome mwenyewe. Kuhusu glavu za pili, yule mgeni alizipenda kweli. Aliuliza ni nani amezifuma, nami nikasema ni mtu anayetutakia heri. Nimeishi na maneno hayo kuliko na siri zote.

Uliniomba kumi na mbili. Mwendesha mashtaka naye alihesabu kumi na mbili, kwa hesabu yako ya majiko, na mimi sikubisha, maana ningelazimika kueleza. Hesabu yako ni sahihi, majiko yalikuwa mawili. Ila safari moja iliyobaki hakukuja mtu wa ubalozi. Wala haina uongo, maneno yale mawili yaache. Ninaiandika hapa kama ilivyopasa kuandikwa siku ile, ili uibandike ukiona inafaa.

"23–25 Oktoba 1981. Digrii mbili juu ya sifuri, mvua, theluji bado. Samaki hakuna. Mtu mmoja. Jiko la chini na la juu yamewashwa tangu Ijumaa mchana ili chumba cha juu kiwe na joto. Kuni vipande 38. Kitanda cha juu kimetandikwa, hakikulaliwa. Vikombe viwili. Nilikuwa nimeamua kusema yote. Mgeni aliyengojewa: Ragnfrid."

Mdogo wako,
Torleiv